Makaburi Yanavyotaja Koo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu DNA ya Kale na Jamii za Ulaya za Karne ya 5 hadi ya 10

Dola ya Rumi ya Magharibi ilipoanguka, waliobaki wakiandika habari za Ulaya walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa watu wa kanisa walioandika habari za wafalme na vita. Mwanakijiji aliyelima, akaoa, akazaa na kuzikwa hakuandikwa popote. Katika miaka hii ya karibuni mifupa yake imeanza kusomwa, na mambo yaliyopatikana yamewapangua hata wanahistoria waliobobea. Haya hapa ni maswali ambayo watu huniuliza zaidi, pamoja na majibu yake.

DNA inapatikanaje kwenye mfupa uliolala ardhini miaka 1,400?

Mtu akishakufa, uzi mrefu wa vinasaba vyake, yaani DNA, hukatikakatika, vikabaki vijipande vidogo sana. Mahali vinapohifadhika vizuri kuliko kwingine ni kwenye mfupa unaozunguka sikio la ndani, ambao ni mgumu kama jiwe. Meno nayo hufaa, hasa anapotafutwa mdudu wa ugonjwa, kwa kuwa ndani ya jino damu ilikuwa ikipita.

Mtaalamu huvaa vazi la kumfunika mwili mzima, barakoa na glavu, kisha hutoboa na kuchukua unga kidogo tu, usiojaza hata ncha ya kijiko cha chai. Tahadhari hiyo yote ni kwa sababu adui mkubwa wa kazi hii ni DNA ya walio hai: mate ya mchimbaji au jasho la aliyeosha mfupa makumbusho. Bahati nzuri DNA ya kale ina kovu lake. Kwenye ncha za vijipande vyake, herufi C, moja ya herufi nne ambazo DNA huandikwa nazo, huharibika kwa muda ikasomeka kama T. Kijipande kisicho na dalili za kovu hilo hutiliwa shaka.

Wanajuaje kwamba huyu ni baba na yule ni mtoto wake?

Kila mtu hupokea nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba. Watu wawili wakikutwa wanashirikiana nusu, basi ama ni mzazi na mwanawe, ama ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Wakishirikiana robo, huenda ni babu na mjukuu, au mtu na shangazi yake, au ndugu waliochangia mzazi mmoja tu.

Kuchambua lipi ni lipi kunahitaji akili za kibinadamu. DNA ya mitokondria hutoka kwa mama peke yake. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Umri wa marehemu nao ni ushahidi: mtoto aliyekufa akiwa na miaka 6 hawezi kuwa mzazi wa mtu. Ukiunganisha hayo na tarehe za kaboni-14, kipimo cha umri wa mifupa, na mpangilio wa makaburi, mti wa ukoo unaanza kusimama tawi kwa tawi. Siku hizi vipande virefu vinavyofanana kati ya watu wawili huweza kuonyesha hata undugu wa mbali, kama wa wajukuu wa ndugu na vitukuu vyao.

Ni ukoo gani mkubwa zaidi uliowahi kusomwa kwa njia hii kutoka zama hizo?

Ni wa Waavari wa Hungaria, na hapa naomba unipe nafasi, maana kwangu mimi hii ndiyo habari nzito kuliko zote.

Waavari walikuwa watu wa farasi kutoka nyika za mashariki ya mbali, upande wa Mongolia, walioingia bonde la mto Danube miaka ya 567 na 568. Walitawala hapo kwa zaidi ya miaka 200, wakashiriki kuuzingira mji wa Konstantinopoli mwaka 626, mpaka majeshi ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, yalipowavunja mwishoni mwa karne ya 8. Wao wenyewe karibu hawakuacha maandishi. Yote tuliyoyajua yaliandikwa na maadui zao.

Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya watu 424 kutoka makaburi manne: Rákóczifalva, Hajdúnánás, Kunpeszér na Kunszállás. Walipima karibu kila mtu aliyezikwa hapo, tofauti na ule mtindo wa kuokota mifupa michache ya kuwakilisha. Watu wapatao 300 kati yao wakakutwa wana jamaa wa karibu kwenye makaburi yale yale. Mti mmoja wa Rákóczifalva ulifika vizazi 9, karibu miaka 250 ya ukoo mmoja. Sisi tunahesabu mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina, na hapo wengi wetu tunaishiwa maneno. Mti huo unaendelea mbele ya hapo.

Na ukoo huo ulikuwa wa baba au wa mama?

Wa baba, bila shaka yoyote. Wanaume walizikwa pale walipozikwa baba zao na babu zao. Wanawake waliozaa watoto katika ukoo ule hawana wazazi makaburini humo. Walitoka kwingine wakaja kuolewa. Mabinti wa ukoo nao, wakishakua, hawaonekani tena kwa sababu waliolewa nje. Anayejua maana ya kumsindikiza binti kwa mumewe ataelewa mara moja kinachoonekana kwenye ramani ya makaburi haya.

Usidhani lakini kwamba wanawake hawa walikuwa wapita njia tu. Jamii moja iliunganishwa na nyingine kwa wao kuvuka. Ndugu wa kiume walibaki kwao, na dada zao wakawa daraja la kwenda kwa watu wengine.

Mstari wa baba na wa mama kusema mambo tofauti si jambo la Ulaya peke yake. Utafiti wa watu 80 wa pwani yetu na bara ya karibu, uliochapishwa mwaka 2023 na uliohusisha miji ya zamani kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ulionyesha kwamba upande wa mama asili kubwa ni ya Afrika, na upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Mbinu ni ile ile, ila swali linaloulizwa ni la watu wengine.

Kuna ukweli kwamba Waavari walirithi wajane?

Ndiyo, na DNA imelionyesha hilo kwa namna ambayo hakuna kidani wala upanga ungeweza. Wamekutwa wanawake waliozaa na wanaume wawili ambao ni jamaa wa karibu: ndugu kwa ndugu, au baba na mwanawe. Hapo mwana alimchukua mke wa baba ambaye si mama yake. Mambo haya yanajulikana kwa watu wengi wa nyika, na yanajulikana sana kwetu pia, ambako mjane kurithiwa na shemeji yake lilikuwa jambo la kawaida katika jamii nyingi, na bado linabishaniwa. Wapo pia wanaume waliozaa na wanawake wawili, watatu, hata zaidi.

Katika mahusiano yote hayo hakuna dalili ya mtu kuzaa na ndugu wa damu, hata binamu wa mbali. Kuepuka hivyo kwa miaka 250 bila daftari la ndoa kunataka kumbukumbu. Lazima walikuwepo watu, wazee bila shaka, waliojua nasaba za kila mmoja kwa kichwa.

Waliovaa sawa na kuzika sawa walikuwa wa damu moja?

Swali hili ndilo limebadilisha fikra kuliko mengine. Kwa miaka mingi wanaakiolojia walikiona kifungo cha mkanda cha Kiavari kaburini wakaandika: huyu ni Mwavari. Sasa tazama makaburi mawili ya kusini mwa Vienna, Austria: Mödling na Leobersdorf, yaliyo umbali wa kama kilomita 20 tu. Mödling lina makaburi karibu 500, Leobersdorf karibu 150. Karne ya 8 watu wa sehemu hizi mbili walifunga mikanda ya mtindo mmoja, walizika kwa desturi moja na waliishi maisha yanayofanana. Mtaalamu wa vyungu na shaba asingeweza kuwatenganisha.

DNA iliwatenganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, kutoka watu zaidi ya 700, yalionyesha kwamba wengi wa Leobersdorf walikuwa na asili ya Asia ya Mashariki, ilhali wa Mödling walikuwa na asili ya Ulaya. Vizazi vilipita, wakiwa majirani wa mwendo wa siku moja kwa miguu, na karibu hawakuoana kabisa. Leobersdorf waliagiza wake kutoka mbali, kwa watu wa asili kama yao. Wala hawakuwa maadui: mifupa haina majeraha ya vita, na makaburi hayaonyeshi kwamba upande mmoja uliukandamiza mwingine. Waliishi kwa amani, huenda kila mmoja akajiona Mwavari, na kila mmoja akaoa kwake.

Kuna mfano wa upande wa pili. Niederstotzingen, kusini mwa Ujerumani, lilipatikana kaburi la watu 13 la karne ya 7, mashujaa wa Kialamani, kabila moja la Kijerumani, waliozikwa na silaha na farasi zao. Watano ni wa ukoo mmoja. Lakini vitu walivyozikwa navyo vina mitindo ya Kifranki, Kilombardi na Kibizanti (ya Rumi ya Mashariki), na baba na mwana hawakuvaa mtindo mmoja. Hapa damu moja, mavazi mbalimbali. Kule mavazi mamoja, damu mbili. Atakayeniambia kwamba anaweza kulitambua kabila la marehemu kwa bangili yake, nitampeleka Niederstotzingen kwanza, kisha Leobersdorf.

Walombardi kweli walihama, au ni hadithi za wamonaki?

Walihama. Maandishi yanasema Walombardi, watu wa asili ya Kijerumani, waliondoka Pannonia, eneo la Hungaria ya leo, wakaingia Italia mwaka 568. Mwaka 2018 makaburi mawili yalilinganishwa: Szólád karibu na ziwa Balaton, na Collegno karibu na Torino. Kote kuwili kulikuwa na koo zenye asili ya Ulaya ya kati na kaskazini, na hao ndio waliozikwa na silaha na mapambo. Waliokuwa na asili ya kusini walizikwa na vitu vichache, mara nyingi bila kitu. Kwa hiyo tunaona kundi lililohama pamoja, familia yenye uwezo katikati na watu wengine pembeni yake. Taifa zima kuhama kama bahari iliyofurika halionekani.

Na Waanglo-Saksoni?

Hawa ndio watu waliovuka bahari kuingia England baada ya utawala wa Rumi, na hapa wanahistoria walibishana karne nzima. Wengine walisema walikuja wapiganaji wachache wenyeji wakaiga lugha na mavazi yao. Wengine wakasema walikuja watu wengi. Utafiti wa mwaka 2022, wenye watu 460 wa Ulaya ya kaskazini-magharibi ambao 278 kati yao walitoka England, ulionyesha kwamba mashariki na kusini mwa nchi hiyo wastani wa asilimia 76 ya asili ya watu wa zama hizo ulitoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, pande za Ujerumani, Uholanzi na Denmark. Na walikuja wanawake pia, kwa hiyo zile picha za mashua zilizojaa wanaume wenye mashoka hazitoshi.

Lakini wenyeji hawakufutika. Katika makaburi yale yale wamo waliotoka ng'ambo, wenyeji na watoto wao wa mchanganyiko. Mwanaume mwenye asili ya kienyeji alizikwa na mkuki sawasawa na mgeni.

Kulikuwa na watu wenye asili ya Afrika?

Walikuwepo. Kwenye makaburi ya Updown, huko Kent, alizikwa binti mdogo wa karne ya 7 pamoja na chungu kilichopambwa, kisu, kijiko na kitana cha mfupa. Ukimtazama kwa vitu hivyo utamwona binti wa Kent kama wenzake, na ndivyo alivyokuwa. Vinasaba vyake vinaonyesha kwamba babu au bibi yake upande wa baba alitoka Afrika Magharibi, kwa watu walio karibu kinasaba na Wayoruba, Waesani, Wamende na Wamandinka wa leo. Jamaa zake wa damu walizikwa makaburini humo humo. Kijana mwingine mwenye nasaba kama hiyo alizikwa Worth Matravers, Dorset. Matokeo ya wote wawili yalitangazwa mwaka 2025.

Binti yule alizikwa kama mtoto wa nyumbani. Hakutengwa pembeni, hakunyimwa kitana chake. Mimi hurudi kwake kila mara.

Na kama unauliza Afrika Mashariki: Viminacium, mji wa Kirumi katika Serbia ya leo, alizikwa kijana mwenye asili ya Afrika Mashariki pamoja na taa ya mafuta yenye picha ya tai. Huyo ni wa karne ya 2 au ya 3, kabla ya zama tunazozizungumzia.

Zipo jamii zilizooana ndugu kwa ndugu?

Ipo Las Gobas, kaskazini mwa Uhispania, jamii ya Wakristo walioishi kwenye mapango ya kuchonga kuanzia karne ya 6 au ya 7. Walijifungia, wakaoana wao kwa wao, na zaidi ya nusu ya waliopimika vizuri wana dalili za wazazi waliokuwa jamaa. Baadhi ya mafuvu yana majeraha ya panga. Mmoja wao alikuwa na kirusi cha ndui. Ukiwaweka kando ya Waavari unaona wazi kwamba hakukuwa na Ulaya moja ya zama hizo. Kila bonde lilikuwa na sheria zake za ndoa.

DNA inasema nini kuhusu magonjwa?

Kubwa zaidi ni tauni ya wakati wa Justiniano, mfalme wa Rumi ya Mashariki, iliyozuka Misri mwaka 541. Kwa muda mrefu watu walibishana ilikuwa ugonjwa gani. Meno ya watu wa Aschheim, karibu na Munich, yalipopimwa yalikutwa na bakteria wa tauni, yule yule aliyeleta Kifo Cheusi karne ya 14, ingawa wa ukoo mwingine uliokwisha kutoweka.

Mwaka 2019 bakteria huyo alipatikana pia Edix Hill, Cambridgeshire. Hakuna mwandishi aliyeacha habari ya wazi kwamba tauni ile ya kwanza ilifika Uingereza, na watu wa Edix Hill walizikwa kwa taratibu zote, na shanga zao na vifungo vyao. Kijiji kilikuwa kinakufa na bado kilipata nguvu ya kuwavisha wafu wake.

Waslavi mbona hawatajwi sana?

Kwa sababu waliwachoma wafu wao, na moto hauachi DNA. Waliosomwa ni wa kuanzia karne ya 7, walipoanza kuzika. Matokeo ya mwaka 2025 yanaonyesha kwamba mashariki mwa Ujerumani, Poland na Croatia zaidi ya asilimia 80 ya asili ya watu ilibadilika, na waliokuja walitoka pande za kusini mwa Belarus na Ukraine, familia nzima nzima.

Ni kitu gani DNA haiwezi kukisema?

Haiwezi kusema mtu alijiitaje, alisali vipi, wala alizungumza lugha gani. Haimwoni mtoto wa kulea aliyependwa kama wa kuzaa, wala mama wa kambo aliyemnyonyesha. Na inasema habari za waliozikwa tu, mahali udongo ulipohifadhi mifupa. Ndiyo maana kazi nzuri hufanywa na wanahistoria, wanaakiolojia na wanajenetiki wakiwa meza moja, wakigombana inapobidi.

Lakini inaweza kurekebisha makosa ya zamani. Kaburi la Birka, Uswidi, lililochimbwa mwaka 1878, lilikuwa na upanga, shoka, mishale na farasi wawili, na kwa zaidi ya miaka 100 likaitwa kaburi la mwanaume shujaa. Mwaka 2017 vinasaba vilionyesha kwamba aliyelala pale ni mwanamke.

Je, inaweza kutuonyesha tukio la siku moja?

Mara chache sana. Salme, kisiwani Saaremaa nchini Estonia, zilipatikana mashua mbili zilizozikwa na watu wake karibu mwaka 750. Ndogo ilikuwa na wanaume 7, kubwa 34, waliopangwa tabaka juu ya tabaka na kufunikwa ngao zao. Wengi waliuawa kwa silaha. Meno yao yanaonyesha walikulia Uswidi ya kati. Vinasaba vyao viliposomwa, wanne waliolazwa bega kwa bega kwenye ile mashua kubwa wakagundulika kuwa ndugu, baba mmoja na mama mmoja. Waliowazika walijua, ndiyo maana waliwalaza pamoja. Ng'ambo ya bahari, nyumba moja ilisubiri vijana wanne, na hakurudi hata mmoja.